Sahihi Iliyowekwa Kibandani

Pikapu ilikuwa imekwisha pita soko la Ahero, maji ya mafuriko yakilamba milango, Wakhisi alipogundua kwamba hajui hasa wanakokwenda. Kisumu alijua. Mkutano wa mwaka wa chama alijua pia, maana kwa miaka kumi na mmoja hajakosa hata mmoja. Asilolijua ni jumba, na wala hakuwa ameuliza, kwa sababu kila zamu ya Kisumu walikutana kwenye ukumbi wa shule, chini ya bati, kwenye viti virefu vya mbao.

"Ukumbi umejaa watu wa mafuriko," akasema Dorca. Dorca alikuwa mkaguzi wa majengo wa Sondu na katibu wa chama. Aliketi katikati, sanduku la kumbukumbu za mikutano magotini. "Wamelala humo na mbuzi wao. Obiero ametutafutia pahali pengine. Lile jengo jipya la Bwana Seif. Ghorofa ya tatu."

"Ghorofa ya tatu!" Simiyu, dereva, akapiga usukani kofi. "Leo tunakula kuku tukiangalia ziwa kama wazungu."

Wakhisi akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Nini, Mzee?"

"Shimo."

"Shimo gani na mimi ndiye naendesha? Hapa ni maji matupu."

Dorca alimtazama kidogo, halafu akaangalia mbele. Wakhisi akahisi jasho likimtoka mgongoni, na asubuhi ile ya Mei ilikuwa na baridi ya kuvaa koti.

Chama chao hakikuwa kikubwa. Wakaguzi ishirini na wanane, kutoka miji midogo ya kandokando ya ziwa na ya huko juu kwenye miwa na chai, waliokutana mara moja kwa mwaka kusomeana sheria mpya, kunung'unika, na kula. Walikuwa na desturi zao. Mojawapo waliiita kushikiana kalamu. Mwenzako akifiwa au akiugua, wewe jirani unakwenda mjini kwake, unakagua majengo yake, unatia sahihi kwenye kadi ya ukaguzi kwa niaba yake ili kazi za watu zisisimame. Jambo jema. Lakini lilikuwa na mkia: kalamu ya kushikiwa haikatai. Ukiona kasoro kwenye mji wa mwenzako huandiki hapana, maana kumwandikia mtu hapana akiwa matangani ni kumvua nguo mbele ya watu. Unaacha nafasi wazi, mwenyewe akirudi ataijaza.

Aprili ya mwaka uliotangulia, mwaka wa 1987, Obiero wa Kisumu alifiwa na mama yake huko Alego. Mazishi ya Kiluo si ya siku moja. Wakhisi, mkaguzi wa Muhoroni, akashuka kumshikia kalamu. Jengo la mwisho kwenye orodha lilikuwa la Bwana Seif, na mvua ilikuwa inanyesha kama mtu aliyetobolewa ndoo kichwani.

Alikuta nguzo za nyuma zimeshamwagwa zege, mbao zingali zimezifunga. Sheria ilisema mkaguzi aone chuma kwanza, ndipo zege imwagwe. "Mvua ilikuwa inakuja, Mzee," Ouma akamwambia. Ouma ndiye aliyekuwa fundi mkuu, mtu mpole, mikono kama mbao. "Ningengoja nini?" Akamwingiza kibandani. Humo mlikuwa na ugali na samaki ngege wa kukaanga, bado anachemka mafuta.

Kutoka mlangoni mwa kile kibanda Wakhisi aliona lundo la mchanga lililofunikwa turubai. Upepo ukainua pembe moja. Mchanga ulikuwa wa kijivu, na ndani yake vilimetameta vigamba vidogo vya konokono, vyeupe kama meno ya mtoto. Mchanga wa mto ni wa kahawia na hauna vigamba. Ule ulikuwa wa ziwa, wenye matope yake, na mchanga wa namna hiyo haushikani na simiti. Kila mkaguzi anajua. Akauliza.

"Lori za mchanga wa mto zimekwama Ahero," Ouma akasema. "Huu ni wa plasta tu. Kula samaki, Mzee, anapoa."

Haki ilikuwa kuacha nafasi wazi. Lakini nafasi wazi ingesimamisha kazi wiki tatu, na mafundi arobaini walikuwa wamejikunyata chini ya mabati wakimtazama, na samaki alikuwa mtamu. Wakhisi akatia sahihi pale pale kibandani. Kidole chake kikaacha doa la mafuta kwenye kona ya kadi. Tangu siku hiyo, kila mvua kubwa ikinyesha Muhoroni, alikuwa anaamka na kukaa kitandani, na mkewe akimwuliza, alisema ni tumbo.

Simiyu aliegesha pikapu saa nne kasoro. Jengo lilisimama limepakwa rangi ya kijani, orofa nne, tangi la maji juu. Lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Wakhisi akasema anatafuta choo, akazunguka nyuma.

Huko nyuma, kwenye duka la mwisho la chini, mwanamke mmoja aliyejifunga leso kichwani alikuwa anausukuma mlango kwa kiuno. Ubao juu yake uliandikwa Zeituni, Mshonaji.

"Baba, hebu nisaidie na bega," akasema. "Huu mlango umekuwa kama mume mlevi. Asubuhi hataki kufunguka, jioni hataki kufungika."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu. Seremala ameuranda mara mbili, umebaki mwembamba kama chapati, na bado unagoma."

Wakhisi akausukuma. Ukafunguka kwa kilio. Akainua macho kwenye fremu, akaona alichokuwa akiogopa kukiona: pembe moja ya juu ilikuwa imeshuka. Si mlango uliovimba kwa unyevu. Ni nyumba iliyokuwa inaukalia. Kando yake nguzo ya pembeni ilikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, uliotoka darini mpaka usawa wa kifua. Chini ya nguzo palikuwa na unga mweupe kidogo, kama mtu amemwaga chumvi.

"Hapa hujafagia, Mama."

"Sijafagia?" Zeituni akashika kiuno. "Nimefagia saa moja, nikafagia saa tatu. Hilo vumbi sijui linatoka wapi. Linakuja lenyewe."

Wakhisi alipanda ngazi akijishika ukutani. Ghorofa ya tatu ilikuwa imejaa. Wakaguzi, wake zao, wageni, wenye maduka ya vifaa. Watu themanini hivi. Na pembeni, upande wa nyuma, juu kabisa ya duka la Zeituni, mwuzaji mmoja alikuwa amepanga mifuko sitini ya simiti kwa ajili ya maonyesho, imepandana kama ngome. Mifuko sitini ni tani tatu. Kichwa cha Wakhisi kilipiga hesabu hiyo chenyewe, kwa mazoea.

Obiero akamjia mikono wazi, suti mpya, ua kifuani. "Omera, ndugu yangu! Umeona jengo lako? Nimewaambia wote, nguzo hizi Wakhisi ndiye alizipitisha, mimi nikiwa kwa mazishi."

"Njoo kwa ngazi."

"Sasa hivi? Mwenyekiti anataka kuanza."

"Njoo, Obiero."

Kwenye ngazi akamwambia yote: mbao, mchanga, samaki, mlango wa Zeituni, unga chini ya nguzo. Aliongea kwa sauti ya chini sana mpaka Obiero akalazimika kuinama. Kadiri alivyoinama ndivyo uso wake ulivyokauka.

"Wewe ulitia sahihi," Obiero akasema.

"Nilitia."

"Kwa jina langu."

"Kwa niaba yako, ndiyo."

"Nikiwa namzika mama." Obiero akaegemea ukuta, halafu akajitoa haraka kama umemchoma. "Sikiliza. Bwana Seif ameketi pale mbele na kanzu yake nyeupe. Ametupa ukumbi bure. Ukisimama useme nyumba yake mbovu, mimi nimekwisha, wewe unakwenda jela. Jengo limesimama mwaka mzima, halianguki leo. Saa nane tunakula, saa tisa tumeondoka. Jumatatu nitakuja mimi na wewe, kimyakimya, tutazame."

"Na mifuko?"

"Mifuko gani?"

"Sitini, Obiero. Pembe ya nyuma."

Obiero alirekebisha ua lake akarudi ndani.

Wakhisi aliketi kiti cha karibu na mlango. Kwa aibu yake aliona kwamba amekichagua makusudi. Mzee Bakari, mwenyekiti, mkaguzi mstaafu wa miaka sabini na kitu, akafungua kikao kwa dua. Dorca akaanza kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Wakhisi hakusikia neno. Alikuwa anasikiliza sakafu. Lori likapita barabarani na maji kwenye glasi zote yakatetemeka kwa pamoja. Watu hawakuona, walikuwa wanacheka jambo fulani. Halafu akasikia sauti ndogo upande wa mifuko. Tk. Kama mtu anayeponda chawa kwa ukucha. Akangoja. Tk.

Aliinuka akatoka. Alishuka ngazi moja, ya pili, akajiambia anakwenda haja, akijua kabisa kwamba akifika chini hatarudi. Alipofika kwenye kona ya ghorofa ya kwanza akasimama. Chini yake cherehani ya Zeituni ilikuwa inakimbia, inasimama, inakimbia. Juu yake watu walikuwa wanapiga makofi. Akashika chuma cha ngazi. Miguu ilitaka chini. Aliogopa jela, aliogopa macho ya Obiero, na zaidi ya vyote aliogopa kufa akiwa anapanda. Alipanda hivyo hivyo, akihesabu vidato ili asifikiri.

"Bwana Mwenyekiti," akasema kutoka mlangoni. Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Akarudia. "Bwana Mwenyekiti. Nina neno."

"Wakhisi, ngoja zamu," Mzee Bakari akasema.

"Nguzo za nyuma za jengo hili nilizipitisha mimi. Sikuziona. Nilitia sahihi kibandani, nikila samaki."

Watu wakacheka. Walidhani ni utani wa kufungua mkutano. Mmoja akapaza sauti, "Samaki wa kukaanga au wa mchuzi?" na kicheko kikazidi. Mkaguzi wa Busia, mtu wa kupenda taratibu, akainua kalamu. "Bwana Mwenyekiti, jambo hilo haliko kwenye ajenda. Halafu desturi ni kwamba mgeni hatangazi kasoro ya mwenyeji. Aandike barua."

"Aandike!" wengine wakaunga.

Bwana Seif alikuwa amegeuka na kiti chake. Obiero alikuwa anatazama viatu vyake.

Mzee Bakari hakucheka. Akavua miwani. "Wakhisi. Ndani ya hizo nguzo mna chuma namba ngapi?"

"Sijui."

"Ringi za kufungia chuma zimeachana inchi ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Mchanga?"

"Niliuona wa ziwa. Niliambiwa ni wa plasta. Sijui." Akaonyesha sakafu kwa kidole. "Huko chini mlango wa mshonaji umekaliwa tangu Jumatatu. Nguzo inamwaga unga."

Kicheko kikafa kama mtu amekifunika kwa sufuria. Wale walikuwa watu wa kazi. Wangeambiwa chuma ni chembamba wangebishana. Lakini lile neno sijui, mara tatu kutoka kwa mkaguzi mwenzao, liliwaingia tumboni. Macho yakaanza kwenda darini, yakaenda kwenye pembe, yakaenda kwenye mifuko. Mke wa mkaguzi mmoja akainuka ghafla na kiti kikaanguka, na kishindo chake kikawafanya wote washike walichokuwa karibu nacho.

"Kaa, Mama," Mzee Bakari akasema polepole. "Dorca, funga kitabu. Sasa tusikilizane. Hakuna kukimbia. Hakuna kukokota kiti. Mstari wa nyuma ule, ulio karibu na mifuko, utatoka kwanza. Kila mtu hatua tano nyuma ya mwenzake, na miguu msiilinganishe. Mkitembea kama askari mtalipiga jengo hili kama ngoma. Dorca atatangulia, awatoe watu wa maduka ya chini, na yule mshonaji."

"Hataki kutoka bila cherehani, namjua," mtu akasema.

"Basi Dorca amtoe na cherehani."

Wakaanza. Watu themanini wakitembea kwa hatua za mwizi, kina mama viatu mkononi, wanaume wazima wakishikana vidole kama watoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyesema kitu ila mkaguzi wa Busia, aliyekuwa anahesabu hatua kwa kunong'ona. Wakhisi, kwa kuwa alikuwa mlangoni, akainua mguu atoke.

"Wewe hapana," Mzee Bakari akasema. "Wewe utatoka mwisho. Pamoja na mimi."

Ilichukua robo saa. Wakhisi alisimama akiutazama ule mlango wazi, hatua mbili tu. Chumba kilikuwa kinabaki na viti, vikombe vya chai, na mifuko. Tk, ikasema pembe. Kisha mara mbili, karibu karibu. Kutoka chini ikasikika sauti ya Zeituni akimwambia Dorca ashike upande wa gurudumu, asishike upande wa sindano.

"Kaa," mzee akasema. "Ukisimama unanitia wasiwasi."

"Naogopa, Mzee."

"Na mimi naogopa. Ndiyo maana nimekaa."

Walipotoka, mzee alimtanguliza Wakhisi hatua tano, na Wakhisi hakukumbuka baadaye hata kidato kimoja cha zile ngazi.

Nje walisimama ng'ambo ya barabara kwenye matope. Bwana Seif alikuwa mkali. "Mnaniaibisha mchana, kwa ndoto ya mtu mmoja? Pasueni! Pasueni mbele yangu, na mkikosa kitu, mtanijengea!" Ouma alikuwepo, alialikwa kama mgeni, amesimama peke yake na kofia mkononi. Mzee Bakari akaomba nyundo na tindo kwenye sanduku la Simiyu, akampa Obiero.

Obiero akapasua nguzo ya kwanza, ya mbele. Plasta ikatoka, zege ikalia ngumu, cheche zikaruka, na chuma kikaonekana kinene kama dole gumba. Watu wakapumua. Wengine wakaanza kumtazama Wakhisi kwa jicho la kumla. "Samaki alikulevya, omera," mmoja akasema, na Bwana Seif akatema mate chini. Wakhisi mwenyewe, kwa dakika moja hivi, alifurahi. Kuliko kitu chochote duniani alitamani awe mjinga aliyekosea.

"Ya nyuma," Mzee Bakari akasema. "Piga taratibu. Mtu mmoja tu ndiye aende."

Obiero akaenda peke yake mpaka kwenye mlango wa Zeituni. Alipiga tindo mara moja. Halikulia. Liliingia kama kijiko kwenye uji uliolala. Alipolichomoa, mchanga ulimwagika ukafuata, wa kijivu, mkavu, ukaendelea kumwagika wenyewe kwenye viatu vyake, na vigamba vidogo vyeupe ndani yake. Obiero alirudi kinyumenyume mpaka barabarani, hakugeuka.

Bwana Seif alimtazama Ouma. Watu wote wakamtazama Ouma.

"Lori zilikwama Ahero," Ouma akasema.

Jengo halikuanguka siku ile. Lilifungwa, wapangaji wakahamishwa, na magogo ya mkaratusi yakasimamishwa chini yake wakati wakubwa wanaandikiana barua. Ouma ndiye aliyeyasimamisha, na kila siku aliingia kuyakaza, ingawa alikatazwa. Pembe ya nyuma ilikaa chini Jumapili ya tano, saa sita mchana, na orofa zote nne. Ouma alikuwa ndani. Walimtoa Jumanne, wakamzika kwao Nyakach.

Bwana Seif aliuza kiwanja akahamia Mumias kwa nduguye. Zeituni alipata kibanda kwenye soko la Kibuye, akashona huko mpaka mwaka wa 1996, kisha binti yake akaendelea. Obiero alihamishwa, halafu akastaafishwa. Hakuzungumza tena na Wakhisi. Kushikiana kalamu kulifutwa na chama mwezi wa Agosti mwaka ule, Dorca akiandika kumbukumbu. Mzee Bakari alikufa kwa sukari mwaka wa 1990. Chama kilikutana mara nne zaidi, mara zote chini kwenye ardhi, kisha kikakosa watu. Simiyu aliendesha lori la miwa.

Wakhisi alishtakiwa, akakubali kosa, akafungwa miaka miwili. Alipotoka alirudi kwao karibu na Webuye, akafuga kuku na kuchimbia watu vyoo. Alikufa mwaka wa 1999.